Mpiganaji mgumu kuliko wote ni yupi? Hoja iliyozuka banda la gemu Ngamiani

Jumamosi moja mchana, kwenye banda la gemu huku Ngamiani, Tanga, dogo wa miaka 13 hivi alipoteza mechi nne mfululizo akiwa na mpiganaji aitwaye Kazuya. Gemu ilikuwa Tekken 7, ya kupigana mtu kwa mtu, feni ilikuwa moja, na kazi yake ilikuwa kulisukuma joto la kaskazi kutoka kona hii kwenda ile. Dogo akaiweka pedi mapajani, akafuta viganja kwenye kaptula, akanigeukia: "Kaka, huyu mtu mgumu. Hivi yupo anayemzidi?"

Benchi zima likajibu kwa pamoja. Aliyekuwa akisubiri zamu alisema Lei Wulong, yule polisi mwenye staili za wanyama. Mwingine akamtaja King, mwenye barakoa ya chui, kwa sababu mieleka yake haikaririki. Mwenye banda, ambaye hukaa mlangoni na kopo la hela huku akiuza ubuyu, hakugeuka hata kutazama. "Ninyi hamjawahi kumchukua Zangief," alisema, akimtaja mwanamieleka wa gemu nyingine, Street Fighter, na kwa upande wake hoja ikaisha hapo.

Kwangu haikuisha. Nimekuwa nikizicheza gemu hizi tangu enzi za Tekken 3, na ubishi huu nimeusikia kila banda nililokaa, Makorora, Chumbageni, kote, bila kuusikia ukifika mwisho. Nadhani sasa naijua sababu. Kila mmoja pale alikuwa na haki yake, ila kila mmoja alipima kwa kipimo chake. Neno "mgumu" tunalitumia kwa mambo ambayo hayafanani kabisa, na tukishayatenganisha, jibu linaanza kuonekana.

Tuanze na saa iliyomo ndani ya gemu, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Gemu za kupigana karibu zote huchora picha 60 kila sekunde. Picha moja huitwa fremu, kwa hiyo fremu moja ni sehemu moja ya 60 ya sekunde, haifiki hata milisekunde 17. Mambo yote hupimwa kwa fremu: ngumi inagusa baada ya fremu ngapi, aliyezuia anaganda kwa fremu ngapi, aliyekosa anabaki wazi kwa fremu ngapi. Kwenye Tekken, ngumi ya haraka ya mkono wa mbele hugusa fremu ya 10 kwa wapiganaji walio wengi. Sasa mchukue binadamu. Tangu jicho lione kitu kinaanza hadi kidole kibonyeze, hupita kama robo ya sekunde, pungufu kidogo kwa walio wepesi. Robo ya sekunde ni fremu 15. Maana yake ile ngumi ya fremu 10 imeshakufika usoni kabla kichwa hakijapata habari. Huwezi kuiona ukaizuia. Unaweza tu kuwa umeshajikinga kwa sababu ulijua inakuja. Hilo liweke pembeni, tutalirudia.

Ugumu aliokuwa akiulalamikia dogo ni wa vidole. Kazuya na ukoo wake wa Mishima wana ngumi moja ya kunyanyua ambayo imewaliza watu duniani kote. Unabonyeza mbele, unaachia, unabonyeza chini, halafu unatelezesha kidole hadi kona ya chini-mbele na kubonyeza ngumi ya kulia. Ukifanya hivyo vizuri tu, ngumi inatoka, lakini adui akiizuia unaadhibiwa. Ila kama ile kona na ile batani ya ngumi zimeingia katika fremu ile ile moja, si ya kabla wala ya baada, mkono unatoa cheche. Huo ndio umeme. Ukimpata adui anaruka juu na unaendelea kumpiga akiwa hewani. Akiuzuia, bado wewe ndiye unayetangulia kuamka. Ni ngumi ile ile kwa macho ya mtu aliyesimama mlangoni, lakini kwa anayecheza, moja ni mtego wa kujinasa mwenyewe na nyingine ni silaha bora kuliko karibu zote zilizomo kwenye gemu.

Nilimwambia dogo aingie sehemu ya mazoezi anionyeshe. Sikutazama televisheni, nilitazama mikono. Gumba la kushoto lilikuwa linakwenda vizuri kabisa, mbele, chini, kona, bila kuruka hatua. Tatizo lilikuwa gumba la kulia. Lilikuwa na haraka. Kila alipofika chini, la kulia lilishabonyeza, kama mtu anayeitikia kabla hajaitwa. Nikamwambia afumbe macho asikilize pedi yenyewe, kwa kuwa pedi ya zamani kama ile hulia ukiibonyeza: tak ya mbele, halafu tak-tak ya chini na kona. "Ngumi iangukie juu ya tak ya mwisho. Usiitangulie." Akajaribu mara 20. Tatu zilitoka na umeme. Ya tatu ilipotoka alifumbua macho kabla hata hajaona picha, kwa sababu umeme una mlio wake ndani ya gemu, na sikio lilikuwa limeshamwambia.

Halafu nikamwomba abadilishe upande, Kazuya asimame kulia mwa televisheni. Mara 20 nyingine, hakuna hata mmoja.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalihesabu wanapopima ugumu. Kwenye gemu hizi "mbele" si kushoto wala kulia. Mbele ni aliko adui. Mkibadilishana pande, kila kitu kinageuka kama kwenye kioo, na gumba lililozoea kutelezesha kwenda kulia linatakiwa litelezeshe kwenda kushoto, kwa msuli tofauti kabisa. Ndiyo maana mabenchi ya gemu yana watu wanaogombea kukaa kushoto. Si ushirikina. Ni watu waliojifunza nusu ya mpiganaji wao. Ukitaka kujua kama mtu anammudu Kazuya kweli, mkalishe kulia.

Wapo wanaodai vidole kuliko hata Kazuya. Kwenye Virtua Fighter, gemu iliyotolewa na Sega mwaka 1993 na kuanzisha mapigano ya picha za pande tatu, yupo Akira Yuki. Goti lake mashuhuri hutoka kwa kubonyeza teke pamoja na batani ya kujikinga, kisha kuiachia ile ya kujikinga ndani ya fremu moja. Kuachia, si kubonyeza. Bryan Fury wa Tekken naye ana mchezo wa kumdhihaki adui, ambao ukimgusa adui kwa karibu na ukaunganisha mara moja na ngumi yake moja ya kunyanyua, mtu anakwenda hewani bila kuweza kujikinga. Nimewaona watu wakitumia mwezi mzima kwa jambo hilo moja.

Na ugumu wa vidole una wasaidizi wake ambao hawamo kwenye gemu. Televisheni bapa za kisasa, hasa zile za bei ya chini, huchelewesha picha kwa fremu kadhaa kabla ya kuionyesha. Zile za zamani zenye mgongo mkubwa hazikuwa na ucheleweshaji wa kuhisika. Mtu aliyejifunza kombo zake, yaani mapigo yanayofuatana, kwenye mojawapo akihamia kwenye nyingine anajikuta anakosa, na anadhani mkono umemwisha. Kuna vimpira vya ndani ya pedi vinavyochakaa, na kona ya chini-mbele ndiyo inayochakaa mapema, kwani kila mtu anaipitia. Kuna jasho. Tanga yetu hii, kuanzia Desemba hadi Machi, gumba linateleza kama limepakwa nazi. Mwenye kuuliza kwa nini Kazuya ni mgumu akiwa Ngamiani anatakiwa kuyahesabu haya pia.

Hata hivyo nasema ugumu wa vidole ndio unaoogopwa kuliko unavyostahili. Una mwisho. Waulize waliokulia mji huu wa baiskeli: mtoto mfupi huanza kwa kupitisha mguu chini ya bomba la juu la baiskeli ya baba yake, anaendesha amejikunja upande mmoja, anaanguka, anapigwa kwa kukwaruza rangi, na siku moja anaweza. Kuanzia hapo hafikirii tena. Umeme ni hivyo hivyo. Dakika 20 kwa siku, pande zote mbili, na baada ya miezi kadhaa gumba linaujua lenyewe.

Ugumu wa pili ni wa kumbukumbu, na huo ndio aliokuwa akiusema yule aliyemtaja Lei. Lei Wulong aliingia kwenye Tekken 2 mwaka 1995. Ana mikao mitano ya wanyama, nyoka, chui, tiga, korongo na joka, na juu ya hiyo ana staili ya kilevi, anaweza kukupa mgongo, anaweza kulala chini akijifanya amekufa. Kila mkao una mapigo yake, na mapigo mengi humalizikia kwenye mkao mwingine. Mtu anayejifunza Lei ni kama amepewa wapiganaji kadhaa kwenye mwili mmoja. Steve Fox, bondia wa Tekken 4, anasumbua kwa njia nyingine: hana mateke. Tekken ina batani nne, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, na kila mtu huijua hivyo. Kwa Steve zile za miguu zinakuwa za kukwepa na kuyumba. Ulichojifunza kwa wengine wote unatakiwa ukisahau.

Kuna na Mokujin, yule mti unaotembea. Tangu Tekken 3 yeye hana staili yake; kila raundi anaiga ya mpiganaji mwingine, na huchagui wewe. Kumjua Mokujin ni kuwajua wote. Kwenye karatasi huyo ndiye mgumu kuliko wote, na ubishi ungeisha. Lakini sijawahi kukutana na mtu anayemchukua Mokujin kwenye mechi ya hela, kwa hiyo namwacha.

King naye yuko kwenye kundi hili, ingawa si kwa sababu aliyoitoa yule kijana. Ni kweli mieleka yake imeunganishwa kama mnyororo, mkabo mmoja unazaa mwingine, na kila kiungo kina batani zake na wakati wake. Hiyo unaikariri. Kinachonivutia kwa King ni kwamba ugumu wake mwingi anaubeba adui. Mikabo yake maalumu mingi unaweza kujinasua, lakini lazima ubonyeze batani inayolingana na mkono aliotanguliza. Kwenye Tekken 7, kwa mfano, mkono uliotangulia ni wa kushoto, unabonyeza ngumi ya kushoto. Wa kulia, ya kulia. Mikono yote, zote mbili. Unatazama mabega ya mtu mwenye kichwa cha chui, kwa kitambo kisichofika nusu sekunde, na unatakiwa kujua ni mkono gani. Kwa hiyo swali "King ni mgumu?" lina majibu mawili: kumchukua, wastani, kukaa mbele yake, shughuli.

Eddy Gordo ni kinyume chake, na kila aliyepita kwenye banda anaijua hadithi hii. Alikuja na Tekken 3 mwaka 1997, anapigana kwa kapoeira ya Brazili, na mtoto yeyote akigongagonga batani mbili za miguu anazunguka na kufagia kama mwenye miaka 10 ya mazoezi. Banda nililokulia alipigwa marufuku, ukimchukua unapoteza zamu. Lakini wale wafalme wa Eddy walipotea wote mara tu watu walipojua pa kuinama na pa kusimama. Urahisi wake ulikuwa wa siku ya kwanza. Mtu akitaka kubaki na Eddy mbele ya wanaomjua, inabidi aanze kujifunza upya, na wakati huo wenzake wako mbali.

Ugumu wa tatu ndio alioutaja mwenye banda kwa maneno machache. Zangief ni mwanamieleka Mrusi wa Street Fighter II, gemu ya Capcom ya mwaka 1991. Watu humtaja kwa sababu ya ule mkabo wake mkubwa unaodai kuzungusha mwelekeo duara zima kabla ya kubonyeza ngumi. Tatizo la duara zima ni kwamba linapita juu, na juu maana yake ni kuruka. Ukichelewa kidogo jamaa ameshaondoka ardhini na mkabo umeharibika. Wajanja hulizungusha akiwa tayari anafanya kitu kingine, anatua au anamaliza ngumi, ili ule mruko usipate nafasi. Na kwenye nyingi ya gemu hizo robo tatu ya duara inatosha. Basi hilo nalo ni la vidole, linakwisha.

Kisichokwisha ni kwamba Zangief ni mzito na hana cha kurusha. Wenzake wa gemu ile wanazo: Ryu anarusha moto akiwa mbali. Guile anarusha upepo. Dhalsim, yule yogi wa India, ana mikono na miguu inayorefuka nusu ya skrini. Zangief silaha yake inafanya kazi kwa umbali wa kushikana tu, na kabla ya kufika hapo lazima avuke uwanja wote. Kila hatua ni swali: atarusha sasa? Niruke? Nikiruka naye akawa hakurusha, atanipokea hewani. Nikikaa, damu, yaani uhai wa mpiganaji kwenye gemu, inapungua kidogo kidogo. Street Fighter 6 ya mwaka 2023 iliweka namna rahisi ya kucheza, ambapo mapigo maalumu mengi hutoka kwa batani moja, na ukiyatoa kwa njia hiyo fupi nguvu yake inapunguzwa kwa asilimia 20. Mpe Zangief urahisi wowote wa vidole unaoutaka, uwanja bado atauvuka kwa miguu yake.

Namheshimu mwenye banda kwa hilo. Aliona kwamba umaskini wa silaha ni ugumu, na benchi zima lilikuwa linahesabu batani.

Guile nimemgusa, niseme neno moja juu yake kwa kuwa ugumu wake ni wa aina ya peke yake. Ili arushe lazima uwe umeshikilia nyuma kwa muda kwanza, ndipo usukume mbele na kubonyeza. Maana yake huwezi kuamua sasa hivi. Uamuzi wa sasa uliufanya zamani kidogo, ulipoanza kushikilia. Wanaoanza humwona mvivu, anarudi nyuma tu. Kumbe kila anaporudi nyuma anaweka akiba.

Na nje ya gemu zinazochezwa sana huku kwetu yupo Zato-1 wa Guilty Gear, ambaye ningependa kila anayebishana juu ya ugumu amjaribu hata siku moja. Anapigana pamoja na kivuli chake. Kivuli kikishatoka, wewe unaendesha miili miwili kwa pedi moja: ukibonyeza batani unamwendesha Zato, ukiiachia unaamrisha kivuli. Kwa hiyo kidole kinachoshuka ni cha mmoja na kidole kinachopanda ni cha mwingine. Kwa kuanza, sijaona mgumu kama huyo. Siku ya kwanza nilishindwa hata kutembea.

Sasa turudi kwenye ile robo ya sekunde.

Kama ngumi haiwezi kuonwa ikazuiwa, watu wanazuiaje? Wanasoma. Kwenye Tekken mapigo yako ya ngazi tatu: ya juu, ya kati, ya chini. Ukisimama na kujikinga unazuia ya juu na ya kati, ya chini yanakupata. Ukiinama unazuia ya chini na ya juu yanapita hewani, lakini ya kati yanakupata. Hakuna mkao unaozuia yote. Kazuya anakuja mbele kwa mtelezo wake wa mawimbi, anachutama na kuinuka, anachutama na kuinuka, na kutoka kwenye mchutamo ule ule anaweza kufagia chini kwa teke linalogusa kwenye fremu 16 hivi, au kupiga kwa kati na kukunyanyua. Fremu 16 ni pale pale kwenye ukingo wa jicho. Hakuna anayeweza kuishi kwa kuliona teke hilo kila mara. Anayejikinga lazima awe ameamua, na uamuzi wake unatoka kwenye mambo yaliyopita: raundi iliyopita alifanya nini, sasa ana damu kiasi gani, ana hofu au ana hasira.

Mzee anayecheza bao pale chini ya mti angelielewa hili bila kushika pedi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na vidole havihusiki kabisa. Hata mtoto anaweza kuziokota kete na kuzisambaza. Ila kuanzia namua, hatua ya mwanzo, hadi mtaji, hatua ya mwisho, fundi anajua utakachokila kabla hujakila, na anakiacha makusudi. Ugumu wote wa bao umekaa kwa aliye mbele yako. Adui akiwa dhaifu, bao ni rahisi. Akiwa fundi, kete zile zile zinakuwa nzito.

Na hapo ndipo ninapoiona tofauti. Ugumu wa vidole haumjali adui: umeme ni mgumu sawasawa mbele ya bingwa na mbele ya mti usiosogea. Ugumu wa kumbukumbu pia. Ugumu wa kusoma unakua kadiri adui anavyokua.

Mwaka 2004, kwenye mashindano ya EVO huko California, Daigo Umehara wa Japani alikuwa akicheza Street Fighter III: 3rd Strike dhidi ya Justin Wong wa Marekani. Daigo alikuwa na Ken, mpiganaji ambaye wanaoanza wengi humchagua. Damu ilikuwa imebaki chembe. Hata kuzuia tu kungemuua, kwa kuwa mapigo makubwa hupenya kidogo hata ukijikinga. Wong akiwa na Chun-Li akaachia pigo kubwa la mateke 15. Gemu ile ina njia ya kulipangua pigo bila kuumia: unagusa mbele wakati lile pigo linafika. Daigo alilipangua kila teke, moja baada ya jingine hadi la 15, kisha akajibu na kuimaliza raundi. Na la kwanza lilikuwa limeshatarajiwa. Kama angesubiri alione, angekuwa amechelewa. Ken mwepesi, mbele ya adui wa namna hiyo na damu ya namna hiyo, alikuwa mgumu kuliko Lei yeyote.

Arslan Ash wa Pakistani ananipa sababu nyingine ya kulisema hili kwa nguvu. Mwaka 2019 alishinda Tekken 7 kwenye EVO Japan, na miezi michache baadaye akashinda EVO ya Las Vegas, fainali akimfunga Mkorea Knee, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa Tekken. Kabla ya hapo dunia ilidhani Tekken ni mali ya Korea na Japani. Arslan alitokea Lahore, kwenye sehemu za gemu zilizojaa watu wanaobanana na kupokezana zamu. Hakuna siri ya mpiganaji fulani pale. Kulikuwa na watu wengi wakali wa kuwasoma, kila siku, uso kwa uso. Nikilitazama benchi letu la Ngamiani, naiona mali ambayo haihesabiki.

Basi namtaja nani? Kwa kumbukumbu, Lei. Kwa siku ya kwanza, Zato-1. Kwa vidole peke yake, lile goti la Akira. Kwa kusoma peke yake, mwenye banda anachukua pointi na Zangief wake. Lakini hawa kila mmoja anakudai upande mmoja na kukuachia upande mwingine upumue. Zangief akiwa anavuka uwanja, kichwa kinaungua na vidole vimetulia. Kazuya havitenganishi. Ule mtelezo wa mawimbi unavishughulisha vidole muda wote, na katikati yake, ndani ya nusu sekunde ile ile, lazima uwe unamsoma mtu, na ukimsoma vizuri bado unatakiwa uipate fremu moja. Tena mapigo yake mengi hayamfuati adui anayepiga hatua pembeni, kwa hiyo ukibahatisha vibaya unaonekana umesimama unapiga ukuta. Mimi namtaja Kazuya. Dogo alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Nilirudi bandani wiki tatu baadaye kumwambia. Mwenye banda alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Bado hujamchukua Zangief." Dogo alikuwa amekaa upande wa kulia, kwa hiari yake, akicheza na kijana anayemzidi miaka mitano au sita. Alikuwa nyuma kwa raundi mbili. Akaanza mawimbi, akachutama na kuinuka, na yule mkubwa akainama kulisubiri teke la chini, kama alivyolisubiri raundi zote. Dogo hakulitoa. Aliachia, akarudi nyuma hatua moja. Mkubwa akaona kimya, akainuka na kurusha teke, likapita hewani mbele ya uso wa Kazuya.

Tak, tak-tak.